Omba uchunguzi kabla mwili haujatoka: mwongozo kwa aliyefiwa hospitalini Marekani

Kaka yangu alifariki saa kumi alfajiri katika hospitali moja hapa Marekani. Haikupita saa mbili muuguzi akapiga simu kwa wifi yangu. Wifi alikuwa hawezi kusema neno, akanipa mimi. Muuguzi akauliza kama familia inataka uchunguzi wa mwili, yaani postimotamu, na kabla sijafungua mdomo akaongeza kwamba ungetuchelewesha kusafirisha. Nikamtazama wifi, naye akatikisa kichwa. Tukasema hapana. Cheti cha kifo kikaandikwa mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 46, hakuwahi kuvuta sigara.

Miaka tisa baadaye mdogo wetu wa mwisho, yuko Dar es Salaam, alipimwa kwa CT, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, kwa sababu ya kikohozi kisichoisha, wakakuta mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, aota, umetanuka. Daktari akamuuliza: "Kwenu kuna aliyekufa ghafla?" Yupo. Alikufa ghafla akilalamika maumivu ya kifua yanayopenya mpaka mgongoni, na maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa aota inayochanika. Lakini kilichomuua hakuna anayekijua, na jibu la simu ile ya alfajiri halirudi tena.

Leo mimi ni muuguzi hapa Houston, na kwa miaka kadhaa sasa nimefanya kazi katika ofisi ya hospitali inayoshughulikia waliofariki: fomu, makampuni ya mazishi, mochwari, simu za ndugu. Familia za kwetu, Watanzania, Wakenya, Wakongomani, hufika dirishani kwangu mwili ukiwa tayari umeshachukuliwa, ndipo wanauliza, "Hivi hamkumpasua mjue ni nini?" Ninaandika haya ili swali hilo liulizwe mapema.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba siku hizi usipoomba, pengine hakuna atakayekuuliza. Zamani haikuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 karibu nusu ya waliofia hospitalini nchini hapa walichunguzwa. Chombo kinachozipa hospitali ithibati kilidai zichunguze angalau asilimia 20 ya waliofia humo, na asilimia 25 kwa hospitali za kufundishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sharti hilo likaondolewa, na idadi ikaporomoka. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa mwaka 1972 vifo vilivyochunguzwa, vya hospitalini na nje kwa pamoja, vilikuwa asilimia 19.3, mwaka 2007 vikawa asilimia 8.5. Kwa waliokufa kwa maradhi, ukiacha ajali na mauaji, anguko ni kubwa zaidi: kutoka asilimia 16.9 hadi 4.3.

Kisha mwaka 2019 likaondoka sharti la mwisho. Mpaka wakati huo kanuni za Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ziliwataka madaktari wa hospitali wajaribu kupata idhini ya uchunguzi kila kifo kinapokuwa si cha kawaida au kina jambo la kujifunza. Kanuni ikafutwa kwa maelezo kwamba inarudia yaliyomo katika sheria za majimbo. Na pesa hazisaidii: Medicare hailipi uchunguzi peke yake, gharama yake imemezwa ndani ya malipo ya jumla ya hospitali, na bima binafsi kwa kawaida hazilipi kabisa. Kwa hiyo usimchukie daktari asiyekuuliza. Hakuna kinachomsukuma, na wengine hawajawahi kuona uchunguzi mmoja tangu wamalize chuo.

Huambiwa pia kwamba vipimo vya kisasa vimeshaonyesha kila kitu. Mimi niliamini hivyo mpaka niliposoma utafiti wa hospitali moja ya Boston uliochapishwa mwaka 1983. Walichukua uchunguzi 100 wa mwaka 1960, mwingine 100 wa mwaka 1970 na 100 wa mwaka 1980. Katikati ya miaka hiyo altrasaundi na CT zilikuwa zimeingia. Katika kila kundi, takriban watu 10 kati ya 100 walikutwa na ugonjwa mkubwa ambao madaktari hawakuujua, na laiti wangeujua wangebadilisha tiba na huenda mgonjwa angeishi zaidi. Mashine zilibadilika, idadi ile haikubadilika.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, jueni mwili uko chini ya nani. Kuna njia mbili na watu huzichanganya. Kifo cha ajali, cha kujiua, cha kutiliwa shaka, au cha mtu asiyekuwa na daktari aliyekuwa akimhudumia, ni cha serikali: daktari mchunguzi wa vifo wa kaunti, na katika kaunti ndogo za Texas hakimu wa amani, ndiye mwenye uamuzi, wala hahitaji idhini yenu wala malipo yenu. Hapa Texas, kwenye kaunti zenye daktari huyo, hata kifo kilichotokea ndani ya saa 24 tangu mtu kulazwa lazima kiarifiwe kwake. Vifo vingine vyote ni vya hospitali, na huko hakuna kitakachofanyika bila sahihi ya familia.

Mtego uko katikati. Hospitali inapiga simu kaunti, kaunti inasikiliza maelezo kwa dakika kumi, inasema hatuuhitaji mwili huu. Familia inaambiwa, "Tumewasiliana na mchunguzi wa vifo, ameuachia mwili." Mnadhani ameshachunguza. Hajaugusa. Hapo hapo ulizeni: "Je, mwili umefunguliwa, au ameukataa kwa simu?" Kama ameukataa, mlango wa hospitali bado uko wazi, na ni wenu kuugonga.

Pili, ombeni mkiwa bado wodini. Mwambieni daktari aliyekuwa zamu, na kama hayupo, muuguzi msimamizi wa zamu. Msiseme "tunafikiria." Semeni hivi: "Familia inaomba uchunguzi kamili wa mwili. Tafadhali iandikwe kwenye faili, na mwili usitoke mochwari mpaka fomu isainiwe." Neno la kuandikwa kwenye faili lina nguvu kuliko machozi yote, nimeona maombi yaliyosemwa kwa mdomo yakipotea zamu ilipobadilika saa moja asubuhi. Chukua jina la uliyeongea naye na saa.

Mkijibiwa kwamba hospitali haifanyi tena uchunguzi, na hilo ni la kawaida hasa kwenye hospitali ndogo, ulizeni inapeleka wapi. Nyingi zina mkataba na hospitali ya kufundishia au daktari wa patholojia wa nje, yaani daktari anayechunguza miili na vipande vyake kutafuta ugonjwa. Hospitali za kufundishia ndizo mara nyingi bado zinachunguza bila malipo wagonjwa waliofia kwao, kwa sababu madaktari wanaosomea patholojia wanatakiwa kujifunza kazi hiyo.

Tatu, nani anasaini. Hapa ndipo kwetu panapowaka moto. Utaratibu wa kawaida ni mume au mke wa ndoa halali, halafu watoto waliofikisha umri, halafu wazazi, halafu ndugu wa tumbo moja. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi hana sahihi hapo, mjomba mkubwa hana, na mwenza ambaye hamkufunga naye ndoa inayotambulika anaweza asiwe nayo hata kama ndiye aliyekesha kitandani wiki tatu. Mke wa ndoa akiwa Tanga au Bukavu, bado ni yeye. Hospitali nyingi hukubali fomu iliyotumwa kwa barua pepe ikarudishwa na sahihi, nyingine hukubali idhini ya simu ikisikilizwa na shahidi. Ulizeni ipi inakubalika, kisha mtafuteni mkalimani wa hospitali. Ni haki yenu, hamlipii. Msimpe mtoto wa marehemu wa miaka kumi na minne kazi ya kutafsiri jambo hili.

Nne, fomu yenyewe. Isomeni mstari kwa mstari, maana ni karatasi ambayo mnaweza kuiwekea mipaka. Mnaweza kuruhusu mwili mzima, au kifua na tumbo tu, au kila kitu isipokuwa kichwa. Kaka yangu angehitaji kifua tu. Lakini mkipunguza mno mnaweza kufungua mlango usio na jibu, kwa hiyo kabla ya kuweka mpaka muulizeni daktari wa patholojia: "Kwa maswali tuliyo nayo, ni sehemu gani huwezi kuiacha?" Ana simu, na wengi wao hufurahi familia ikipiga.

Kuna mstari wa viungo. Kwa kawaida hutolewa, hupimwa uzito, hukatwa vipande vidogo vya kuangalia kwenye hadubini, kisha vingine hurudishwa au huteketezwa. Mkitaka virudishwe vyote, andikeni kwa herufi kubwa: viungo vyote virudi mwilini kabla ya kushonwa. Ubongo una habari yake. Ukiwa mbichi ni laini kama uji mzito, hivyo wataalamu hupenda kuuacha kwenye fomalini kama wiki mbili ndipo waukate. Kama mwili unasafiri keshokutwa, amueni mapema: ukatwe siku ile ile, au ubaki na mkubali kwamba marehemu atazikwa bila huo. Nimeshuhudia familia ikigundua jambo hili baada ya mazishi Moshi, na sitaki kuliona tena.

Marehemu akiwa chini ya miaka 50 na kifo kikiwa cha ghafla, ongezeni sentensi moja: "Damu au kipande cha wengu kihifadhiwe kwenye friji ya baridi kali kwa ajili ya kipimo cha vinasaba." Si fomu zote zina mstari huo. Uandikeni pembeni. Kuna maradhi ya moyo na ya aota yanayotembea kwenye ukoo, na damu hiyo ndiyo ushahidi bora wa vinasaba utakaobaki.

Texas ina jambo zuri: tangu sheria ya mwaka 2011, fomu ya idhini lazima iwaeleze ndugu haki zao, ikiwemo haki ya kuomba uchunguzi ufanywe na daktari asiye na uhusiano na hospitali ile. Gharama ya ziada mtaibeba nyinyi. Mkiwa na wasiwasi kwamba hospitali ilikosea, haki hiyo itumieni. Msiwape wanaoshukiwa kazi ya kujichunguza.

Kisha andikeni maswali yenu. Karatasi moja inatosha, ibanwe pamoja na fomu. Daktari wa patholojia hakumjua marehemu. Anasoma faili na kufungua mwili. Mwambieni kwamba alikuwa akichoka akipanda ngazi tangu mwezi wa tatu, kwamba mguu wa kushoto ulivimba baada ya safari ya ndege, kwamba alikunywa dawa za mitishamba kutoka nyumbani na mnazo kwenye chupa. Bonge la damu lililotoka mguuni likaziba mapafu ni miongoni mwa mambo yanayokosewa mara nyingi, na mguu uliovimba ndio unaomwambia akate wapi.

Tano, wazee. Simu itaita. Mimi mwenyewe, kwa msiba mwingine wa ukoo wetu, nilipigiwa na mjomba kutoka Muheza: "Mwanangu, kumchana marehemu ndiko kutamrudisha?" Nikamwambia: "Hapana mjomba. Lakini ana watoto watatu, na hatujui kama wamekibeba kilichomuua." Akanyamaza kidogo. "Haya. Lakini uso wake msiuguse." Hilo linawezekana, na wazee hutulia wakielezwa. Mkato wa kawaida huanza kwenye mabega, hukutana kifuani na kushuka tumboni. Nguo hufunika yote. Wa kichwa hupita nyuma ya sikio moja, juu ya utosi, hadi nyuma ya sikio la pili, na mto wa jeneza huuficha. Uso haukatwi. Kuaga mwili jeneza likiwa wazi kunabaki palepale. Kama marehemu amesukwa, semeni, wafumue au wagawe nywele badala ya kunyoa. Kazi yote huchukua saa mbili hadi nne.

Kwa Waislamu, jambo zito ni muda na heshima ya maiti. Ongeeni na sheikh wenu mapema. Wanazuoni wengi hukubali uchunguzi penye haja ya kweli, na yeye ndiye wa kuwaambia kama haja yenu inafika hapo. Hospitali iombeni nafasi ya kwanza ya asubuhi, ielezeni kwamba mwili utaoshwa na kuswaliwa siku hiyo hiyo, na kwamba mshono ukazwe sana na ufunikwe, kwa sababu utapitiwa na maji. Mafundi wa mochwari wakielezwa sababu hufanya kwa uangalifu. Waambieni pia waoshaji wenu watakachokikuta, wasishtuke mezani. Mkitaka mwanamke achunguzwe na daktari mwanamke, ombeni. Hakuna wa kuwaahidi, lakini mara nyingi hupatikana.

Sita, usafiri. "Itatuchelewesha" ndilo neno lililonifanya niseme hapana, basi nilipime hapa. Uchunguzi wa hospitali kwa kawaida hufanyika ndani ya siku moja au mbili baada ya fomu kusainiwa, wikiendi inaweza kuongeza. Mwili wa kwenda Afrika Mashariki hauondoki siku mbili hizo kwa vyovyote: unangoja cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha, cheti cha kutiwa dawa, barua ya kuthibitisha kwamba hauna ugonjwa wa kuambukiza, nyaraka za ubalozi, na nafasi ya ndege. Tena mnangoja michango. Uchunguzi hupita ndani ya siku hizo hizo.

Kitu kimoja tu hakitaki kupinduliwa: uchunguzi utangulie, dawa ya kuhifadhi ifuate. Mwili uliotiwa dawa bado unaweza kuchunguzwa, ila vipimo vya sumu na dawa kwenye damu huharibika, na mara nyingi vya vijidudu pia. Ipigieni kampuni ya mazishi, iambieni: "Msiutie dawa mpaka tuwaambie." Baada ya hapo watumieni barua yenye maneno hayo hayo.

Cheti cha kifo hakilazimiki kungoja ripoti ya mwisho. Daktari huandika chanzo anachokijua, na matokeo yakija tofauti, cheti hurekebishwa.

Saba, pesa, ikishindikana hospitalini. Daktari wa patholojia wa kujitegemea huomba mara nyingi dola 3,000 hadi 5,000, na kusafirisha mwili hadi kwake ni juu yenu. Kamati ikikataa kuichangia, waelezeni kwamba hiyo ni afya ya watoto wa marehemu. Ila angalieni mnampa nani. Biashara hii haina usimamizi wa kutosha: mwaka 2022 mtu mmoja wa Kansas, asiyekuwa daktari, alihukumiwa kifungo cha miezi 69 kwa kuwachukulia mamia ya familia zaidi ya dola milioni moja kwa uchunguzi ambao wengi hawakuupata. Kabla ya kulipa, ulizeni jina kamili la daktari atakayeshika kisu na kusaini ripoti, halafu litafuteni kwenye tovuti ya bodi ya madaktari ya jimbo. Iwe leseni hai, na awe amethibitishwa na bodi ya patholojia ya Marekani. Akisita kutoa jina, kateni simu.

Nane, ripoti. Ya awali huja baada ya siku chache, ina yale yaliyoonekana kwa macho. Ya mwisho hungoja hadubini na vipimo, wiki kadhaa, mara nyingine miezi miwili au mitatu. Haitakufuata nyumbani. Siku ya kusaini andikeni anwani ya mtakaotumiwa, na weka kengele kwenye simu yako ya wiki ya sita uanze kuulizia ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa. Ikifika, msiisome peke yenu usiku. Ina uzito wa ini kwa gramu na rangi ya mapafu, na mtu anayempenda marehemu hapaswi kukutana na maneno hayo bila mtu wa kumweleza. Ombeni kikao cha nusu saa na daktari aliyemtibu au wa patholojia. Anzeni ukurasa wa uchambuzi wa mwisho, ulizeni mambo matatu: nini kilimuua, nini kilikuwepo ambacho hakikujulikana, na nani kati yetu anapaswa kupimwa.

Majibu hayaji yote ya kutisha. Mama mmoja wa Kikongo alikaa mwaka mzima akijilaumu kwamba alichelewa kumleta mumewe saa nzima akitafuta wa kumwachia watoto. Ripoti ilionyesha damu imevuja kwenye ubongo kwa kiasi ambacho saa ile isingebadilisha kitu. Aliniomba nimsomee sentensi hiyo mara mbili kwa Kiswahili, halafu akaomba niiandike kwa mkono kwenye bahasha.

Vipande vidogo vya nyama ya mwili huhifadhiwa kwenye nta kwa miaka mingi. Andikeni namba ya uchunguzi iliyo juu ya ripoti na muitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Siku moja mtoto wa marehemu atakaa mbele ya daktari, Dar au Dallas, aulizwe kama kwao kuna aliyekufa ghafla, na atakuwa na namba ya kutoa. Mdogo wangu hana. Yeye hupimwa CT kila mwaka, nasi wengine tumeanza kupimwa naye, mmoja mmoja, watoto wa kaka wakiwa wa kwanza.